Nani yumo kwenye tundu la mkoko? Hatua za kumtambua isopodi wa familia ya Sphaeromatidae

Nenda kwenye mikoko iliyo mbele kabisa, inayopata maji mapema bamvua linapojaa, uinue mzizi unaoning'inia bila kufika chini. Mara nyingi utakuta ncha yake imejaa matundu ya mviringo yenye upana wa milimita chache. Mwenye nyumba huwa ni Sphaeroma terebrans, gegereka (mnyama wa jamii ya kaa na kamba) wa sentimita moja hivi aliyepewa jina na mwanasayansi Bate mwaka 1866. Mbao si chakula chake. Anachimba makao, kisha anakaa humo akichuja chakula chake majini kwa manyoya ya miguu ya mbele.

Mwaka 1973 watafiti wa Florida walionya kwamba mnyama huyu anahatarisha mikoko. Mwaka 1978 wengine wakajibu kuwa mzizi uliotobolewa huweza kuchipua matawi na kuuongezea mti nguzo. Kwa upande wowote utakaouegemea, kwanza hakikisha unamjua aliyemo. Tundu peke yake si ushahidi, maana mpangaji anaweza kuingia baada ya mchimbaji kuondoka.

Hatua ya 1: Kupata mzizi

Omba ruhusa kwanza kwa wakala wa misitu: KFS kwa Kenya, TFS kwa Tanzania Bara. Chukua ncha iliyokwisha kufa tu, urefu wa kiganja unatosha. Ipasue kwa urefu, kufuata nyuzi za mti. Ukiikata kwa upande utawakata na wanyama.

Hatua ya 2: Kumlaza kabla ya kumhifadhi

Usiiruke hatua hii. Ukimtumbukiza kwenye spiriti akiwa hai, atajikunja kuwa tufe na kukakamaa hivyohivyo, na kila kitu unachokihitaji kiko tumboni na mkiani. Tumia mafuta ya karafuu. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo koroga matone machache kwenye spiriti kidogo, ndipo umimine katika kikombe cha maji ya bahari. Mguse miguu kwa sindano. Akiacha kuitikia, mnyooshe chali kwenye kisahani kisha umtie spiriti ya asilimia 70. Kama unataka kupima DNA, tumia ya asilimia 95 au zaidi.

Hatua ya 3: Je, ni isopodi?

Lenzi ya mkono inatosha hapa. Isopodi amebapa juu na chini. Amfipodi, gegereka wa kundi jingine, amebanwa ubavuni. Hesabu pingili za kifua: 7, kila moja na jozi yake ya miguu. Ukihesabu jozi 6 kwa mdogo sana, usidhani ni spishi nyingine. Watoto wa isopodi huanza maisha bila jozi ya saba, na mama wa S. terebrans hukaa nao ndani ya tundu, kwa hiyo utawakuta wamejipanga nyuma yake.

Hatua ya 4: Familia iko mkiani

Weka mnyama chini ya hadubini, mgongo juu. Kwa Sphaeromatidae, pingili za tumbo zimeungana; kinachobaki ni mistari mifupi pembeni inayoonyesha zilipokuwa. Nyuma yake kuna bamba moja kubwa, pleotelsoni. Sasa tazama yuropodi, vile viambatisho viwili vya ubavuni mwa bamba. Kisukume kila kimoja taratibu kwa sindano. Tawi la nje linacheza. Tawi la ndani halisogei, kwa sababu limeungana na shina lake. Mimi huuamini mtihani huu wa sindano kuliko umbo au rangi. Kwa Cirolanidae, familia nyingine ya isopodi wanaochanganywa nao mara kwa mara, pingili za tumbo zimeachana na matawi yote mawili yanacheza.

Hatua ya 5: Mgeuze

Chini ya tumbo kuna jozi 5 za pleopodi, yaani miguu bapa ya tumboni, zilizopangana kama kurasa. Zifunue kwa kibano mpaka ya nne na ya tano. Kwa Sphaeroma, tawi la ndani ni nene lenye mikunjo, la nje ni jembamba lisilo na mikunjo. Mwaka 1905 mwanasayansi Hansen aliigawa familia nzima kwa mikunjo hii: iliyopo kwenye matawi yote, kwenye moja, au isiyokuwepo kabisa. Mgawanyo huo husaidia kupanga sampuli mezani, lakini usiuchukue kama ukoo.

Dume ana vijiti viwili vidogo chini ya pingili ya saba ya kifua, na kijiti kwenye kila pleopodi ya jozi ya pili.

Hatua ya 6: Jenasi na spishi

Ncha ya pleotelsoni ikiwa na pengo lenye meno, fikiria Cymodoce. Ikiwa nzima, na tawi la nje la yuropodi lina meno kama msumeno, uko kwenye Sphaeroma. Hapo linganisha mgongo. S. terebrans ana vinundu hasa kwenye pingili za nyuma. S. walkeri, aliyeelezwa na Stebbing mwaka 1905 kutoka Sri Lanka, ana vinundu vikubwa vilivyopangwa safu mpaka juu ya bamba la mkia. Huyu hasafiri kwa kutoboa. Hujishikiza kwenye meli, maboya na nguzo za gati, na hupenda nyufa zilizo tayari.

Hatua ya 7: Lebo

Andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu na uitie ndani ya chupa: mahali, tarehe, aina ya mti, kimo cha mzizi kutoka kwenye tope, na kama sehemu ya mzizi iliyobaki mtini ilikuwa hai au imekufa. Kesho yake badilisha spiriti, kwa sababu maji ya mwilini mwa mnyama huwa yameshaipunguza nguvu.