Boksi jipya la kampuni kubwa au mashine ya duka la mtaani? Namna ya kuchagua hatua kwa hatua

Wateja wengi huniletea kompyuta wakati wameshainunua, na swali lao lingefaa kuulizwa kabla ya kulipa. Mwanafunzi anayeanza chuo, mwenye steshenari, mhasibu wa SACCOS, wote huwa na fedha zinazokaribiana na njia mbili mbele yao. Ya kwanza ni laptopu mpya ndani ya boksi, yenye jina kubwa, kwenye duka la kung'aa. Ya pili ni duka la Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, penye mashine zilizotumika maofisini Ulaya pamoja na kompyuta za mezani ambazo fundi anaziunganisha mwenyewe kipande kwa kipande.

Mimi natengeneza, siuzi. Msimamo wangu ni huu: kwa bajeti ndogo, mashine ya duka la mtaani mara nyingi ndiyo bora, ila kwa mnunuzi aliye tayari kuikagua. Asiye na muda wa kukagua, na asiye na mtu wa kumkagulia, anunue mpya na akubali kupata uwezo mdogo kwa fedha ileile. Hatua zifuatazo ni kwa yule aliye tayari.

Hatua ya 1: Andika kazi yako kwenye karatasi

Usiende dukani na neno "kompyuta nzuri". Andika utakachofanya kila siku. Kwa barua, Excel, mfumo wa uhasibu, mikutano ya Zoom na kurasa kadhaa za intaneti kwa pamoja, kiwango cha chini ninachokikubali leo ni RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, SSD (hifadhi ya kasi ya faili) ya GB 256 na prosesa (ubongo wa mashine) yenye core nne, yaani viini vinne vya kuchakata. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo aanzie RAM ya GB 16. Kama mashine haitatoka mezani, kwa mfano kwenye steshenari, chukua ya mezani: kwa bei ileile utapata nguvu zaidi, na matengenezo yake ni rahisi.

Hatua ya 2: Soma prosesa, usisome kibandiko

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Neno "Intel" kwenye kibandiko halikuambii chochote. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa, hata zikiwa za makampuni yanayoheshimika, mara nyingi hubeba prosesa ya Intel iitwayo Celeron, kwa mfano N4020 au N4500. Zote mbili zina core mbili tu. Zimebuniwa kula umeme kidogo, na kazi hiyo zinaiweza vizuri. Lakini fungua faili kubwa la Excel huku mkutano wa video ukiendelea, utaona kishale kinaganda. Ikiambatana na RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC (ya bei nafuu na ya polepole kuliko SSD) ya GB 64, Windows na masasisho yake humeza sehemu kubwa ya nafasi kabla hujahifadhi kazi yako ya kwanza.

Sasa iweke karibu na Dell Latitude 7490, Lenovo ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5. Hizi zilitoka mwaka 2018 kwa ajili ya makampuni, na nyingi zina prosesa ya Core i5-8250U au i5-8350U: core nne, nyuzi nane (yaani mikondo minane ya kazi kwa pamoja). Zina mikwaruzo, na pengine kibandiko cha ofisi ya zamani kimebakiza gundi kwenye kifuniko. Lakini kwa kazi za ofisi zinaiacha mbali ile Celeron mpya.

Namba inasomwa hivi: tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kuanzia cha 10 tarakimu huwa mbili, kwa hiyo i5-1135G7 ni kizazi cha 11.

Kizazi kina uzito kwa sababu Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) pamoja na prosesa ambayo, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8 au zaidi. Muuzaji anaweza kukuonyesha Windows 11 ikiwaka vizuri juu ya kizazi cha 6. Itawaka kweli, ila imewekwa kwa kuruka masharti, na Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kama badala ya Windows unatumia Linux na umeizoea, kizazi cha 6 bado ni ununuzi wa maana na bei yake inavutia. Mtu wa Windows asishuke chini ya cha 8.

Na usiridhike na jina la modeli. T480, 840 G5 na 7490 ziliuzwa pia na i5-7300U, ambayo ni kizazi cha 7. Bonyeza Windows+R, andika `msinfo32`, usome mstari wa prosesa kwa macho yako. Kisha andika `tpm.msc` uhakikishe imeandikwa 2.0.

Hatua ya 3: Uliza nini kitabadilika kikifa

Kwangu swali hili lina uzito kuliko kasi. Laptopu nyingi mpya za bei ndogo zina RAM iliyolehemiwa kwenye bodi kuu ya mashine, na eMMC nayo hulehemiwa. Hifadhi ikifa, huwezi kuchomoa na kuchomeka nyingine. Latitude 7490, T480 na 840 G5 zina nafasi mbili za RAM na SSD inayochomolewa na kubadilishwa. Leo unanunua na GB 8, mwakani unaongeza nyingine 8.

Kwenye za mezani mambo hugeuka, na watu wengi hawalijui hili. Dell OptiPlex na HP ProDesk za umbo dogo, zinazojaa madukani zikiwa zimetumika, zina pawa saplai (kifaa cha kuigawia mashine umeme) zenye umbo na plagi zao wenyewe. Ikiungua, huwezi kwenda duka la jirani ukachukua yoyote. Unatafuta iliyotoka kwenye mashine ya ukoo uleule. Kompyuta aliyoiunganisha fundi wa mtaani kwa kawaida hufuata kipimo cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995 na hadi leo kinatumika. Kasha, bodi na pawa saplai vinaingiliana bila kujali nani kavitengeneza. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ni miongoni mwa vitu vya kwanza kufa, kwa hiyo urahisi wa kuibadilisha una thamani ya fedha kabisa.

Hatua ya 4: Kagua iliyotumika kabla ya kulipa

Nenda mchana, na umwambie muuzaji mapema kwamba utahitaji kama nusu saa na Wi-Fi. Simu yako inatosha kuwa Wi-Fi hiyo. Akikataa, nenda duka jingine, yapo mengi.

Anza na BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows. Zima mashine, iwashe huku ukigonga F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, achana nayo. Kwa ThinkPad iliyofungwa hivyo, Lenovo yenyewe inasema dawa ni kubadilisha bodi. Kwenye Dell, ukiwa humo, tazama pia chaja imetambuliwa kwa wati ngapi. Chaja bandia isiyotambuliwa huifanya mashine ifanye kazi polepole na ikatae kujaza betri, halafu mnunuzi hudhani betri ndiyo mbovu.

Fuatisha kufuli la kampuni. Mashine zilizotoka ofisini wakati mwingine bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa usimamizi wa mwajiri wa zamani. Inaweza kuwaka vizuri miezi kadhaa, kisha siku unapoisafisha na kuweka Windows upya, ikiunganishwa na intaneti inaibua jina la kampuni ya ng'ambo na kudai barua pepe ya mfanyakazi wake. Njia ya uhakika ni kumwomba muuzaji aisafishe na kuiwasha upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti tangu hatua za mwanzo. Inachukua muda, lakini usiiruke.

Betri: bonyeza Windows+R, andika `cmd`, kisha kwenye dirisha jeusi andika `powercfg /batteryreport`, kisha fungua faili inayotajwa hapo. Linganisha uwezo ambao betri ilizaliwa nao na uwezo inaoufikia sasa ikijaa. Ikiwa chini ya nusu, hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya mashine na uipunguze kwenye mazungumzo. Ukikuta namba hizo mbili zinalingana kabisa kwenye mashine ya 2018, huenda betri imebadilishwa. Uliza ni ya nani.

Diski: beba programu ya CrystalDiskInfo kwenye flashi. Itakuonyesha afya ya SSD na saa ilizofanya kazi. SSD iliyochoka si sababu ya kuacha mashine nzuri, maana inabadilishwa kwa dakika chache, lakini ni sababu ya kushusha bei.

Windows: kwenye `cmd` ileile andika `slmgr /xpr`, uone hali ya leseni. Likitokea jibu la kudumu, vema. Ikitokea tarehe ya kuisha, leseni hiyo ilikuwa ya ofisi ya zamani au imechakachuliwa. Laptopu nyingi za kibiashara zilikuja na leseni ya Windows Pro iliyofungwa ndani ya bodi, kwa hiyo mara nyingi kinachohitajika ni kuweka Windows safi, na leseni halali hurudi yenyewe.

Mwisho tumia mikono. Fungua na ufunge kifuniko mara kadhaa ukisikiliza bawaba. Weka picha nyeupe skrini nzima utafute vidoa, kisha nyeusi utafute mwanga unaovuja kwenye kona. Gonga kila herufi. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Tazama mpangilio wa kibodi: mashine za Ujerumani zina Z mahali pa Y, za Ufaransa huanza na AZERTY. Msomaji wa Bujumbura au Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuipenda hiyo ya pili. Aliyezoea QWERTY ataichukia kila siku. Cheza video kama dakika kumi na usikilize feni. Dell ina vipimo vyake ndani, viite kwa F12 wakati wa kuwasha. HP ni F2.

Hatua ya 5: Kama unaunganishiwa ya mezani

Taka orodha ya vipande kwa jina na modeli kabla ya kutoa fedha. "i5, RAM 8, SSD" haitoshi: inaweza kuwa i5 ya mwaka 2012. Pigania vitu viwili, pawa saplai na SSD. Pawa saplai zinazokuja bure ndani ya makasha ya bei nafuu huandikwa wati ambazo hazifikii. Taka yenye alama ya ufanisi ya 80 PLUS kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana. SSD zisizo na jina wakati mwingine huonyesha ukubwa ambao hazina, na utagundua siku faili zinapoanza kuharibika. Ukibakiwa na fedha, nunua UPS (betri ya kushikilia mashine umeme ukikatika) kabla ya skrini kubwa.

Hatua ya 6: Mkague na muuzaji

Waulize wauzaji wa pande zote mbili maswali yaleyale: ikizima wiki ya tatu naileta wapi, nani anaifungua, kipuri kinatoka wapi, nitasubiri muda gani? Duka kubwa likikutajia kituo cha huduma cha kampuni hapa nchini, omba anwani, kisha ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya Dell, HP au Lenovo uone waranti inasemaje. Boksi linaweza kuwa jipya kabisa na waranti yake ikawa ya nchi nyingine. Duka la mtaani likikuahidi miezi mitatu, miezi hiyo iandikwe, pamoja na kilichomo: bodi, diski, betri? Wengi huiacha betri nje, na ni haki yao alimradi uambiwe kabla.

Dai risiti ya kodi ya kielektroniki, ya EFD kwa Tanzania, ya eTIMS kwa Kenya, na namba ya mashine iandikwe juu yake au kwenye ankara. Bila namba hiyo huwezi kuthibitisha kwamba mashine unayorudisha ndiyo uliyonunua, na muuzaji mwaminifu naye anakosa kinga.

Hatua ya 7: Wakati wa kuchagua boksi jipya

Nunua mpya bila kusita kama taasisi inanunua mashine nyingi zinazofanana na inahitaji waranti ya miaka, kama kazi yako ni ya safari na betri lazima idumu siku nzima, au kama bajeti inafika kwenye Core i5 au Ryzen 5 ya karibuni yenye RAM ya GB 16. Hapo kampuni kubwa inakupa kitu ambacho fundi wa mtaani hawezi kukupa. Ninayemkataza ni yule anayebana fedha zake zote kwa ajili ya Celeron mpya kwa kuogopa neno "iliyotumika".

Hatua ya 8: Wiki mbili za kwanza

Itumie kwa nguvu kuliko kawaida yako. Iache iwake mchana kutwa, ilaze na kuiamsha, ichaji hadi mwisho na uimalize, jaza diski kwa faili kubwa kisha uzifungue tena. Weka masasisho yote. Kazi zako za muhimu ziwe na nakala mahali pengine kwa kipindi hiki. Ukiona inaganda au inajizima, irekodi kwa simu, saa na tarehe zikionekana, kwa sababu hitilafu ya kuja na kuondoka hupenda kutulia inapofika mbele ya muuzaji. Irudishe na chaja yake, risiti na video hiyo ndani ya muda mlioandikiana, na usimruhusu fundi mwingine aifungue kabla ya hapo, hata nikiwa mimi.