Kukagua nakala ya kitabu cha sumu cha Jacques Grévin

Deux livres des venins, kazi ya tabibu Mfaransa Jacques Grévin, ilichapwa na Christophe Plantin mjini Antwerp mwaka 1568. Inaeleza nyoka na wadudu wenye sumu, mimea, madini, na dawa za kuzuia madhara yake. Nyuma yake hufuata tafsiri ya mashairi ya Nicander, Mgiriki wa kale, yenye ukurasa wake wa jina ulioandikwa 1567. Wengi hukosea hapo: miaka miwili haimaanishi matoleo mawili. Sehemu hiyo ikikosekana, usilipe bei ya nakala kamili.

Kabla ya kufungua, tazama jalada. Likiwa limepakwa rangi ya kijani, hasa inayobanduka, vaa glavu za nitrili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Denmark walitangaza kukuta sumu ya aseniki kwenye rangi kama hiyo juu ya majalada ya vitabu vitatu vya karne ya 16 na 17. Majalada mengine shika kwa mikono iliyooshwa ikakauka. Glavu za pamba huzuia vidole kuhisi ukingo wa karatasi, nayo huchanika. Usilambe kidole kufunua kurasa, hata mara moja.

Egemeza kila upande wa jalada kwenye sponji ngumu, ufungue kwa pembe ya nyuzi 90 hivi kwanza. Gundi ya mgongo ikiwa imekauka, ukilazimisha itapasuka na nyuzi za kushonea zitakatika.

Sasa hesabu, na usitegemee namba za kurasa: wachapaji wa karne ya 16 walizikosea mara nyingi. Fuata herufi zilizo chini ya kurasa za mwanzo wa kila fungu la karatasi zilizokunjwa pamoja: A, A2, A3 na kuendelea. Alfabeti yao ilikuwa na herufi 23, kwa hiyo usishtuke kukosa J, W, na mojawapo ya U au V. Kisha linganisha neno lililo peke yake chini ya ukurasa na neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Yasipolingana, huenda karatasi imetoka, ingawa wakati mwingine ni kosa la mchapaji tu.

Karatasi zenye michoro ya wanyama zipe muda zaidi, maana ndizo hunyofolewa na kuuzwa peke yake, kisha pengo likazibwa kwa karatasi nyingine. Pitisha tochi nyembamba nyuma yake. Karatasi kubwa ilikunjwa mara mbili kutoa karatasi 4, kurasa 8. Hivyo mistari yenye nafasi pana inayoonekana ndani ya karatasi kwa mwanga huo lazima ilale kimlalo, na alama ya maji, yaani nembo iliyomo ndani ya karatasi, ikiwepo iangukie kwenye mkunjo wa mgongo. Mistari ikisimama wima, au isionekane kabisa, huenda karatasi hiyo ni ya kupachikwa.

Maandishi ya wino pembezoni mwa kurasa za dawa usiyafute wala kuyaosha. Yanaonyesha ni dawa zipi wasomaji wa zamani walizijali, na humo mna teriaka, mchanganyiko wa nyama ya nyoka na afyuni ambao haufai kujaribiwa nyumbani.