Namna ya Kuwahoji Wazee wa Ukoo na Kuhifadhi Simulizi Zao

Mtanzania aliyekuwa na umri wa miaka ishirini wakati Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, ilipopamba moto mwaka 1974 sasa amevuka miaka sabini, na wale walioshuhudia bendera mpya ikipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 wakiwa watu wazima wamebaki wachache katika kila ukoo. Maamuzi ya serikali ya miaka hiyo yameandikwa na yanapatikana maktabani. Yasiyoandikwa popote ni jinsi familia moja ilivyong'oa mlango wa nyumba yake na kuupakia kwenye lori, nani alibaki nyuma kulinda makaburi, na kwa nini shamba la bondeni likaenda kwa mdogo badala ya mkubwa. Hayo yamo vichwani mwa wazee, na njia ya kuyapata ni kuketi nao na kuwauliza kwa utaratibu.

Anza na ruhusa, nayo iombwe mapema na hadharani. Katika koo nyingi, kijana anayetokea mjini akiuliza habari za mababu na mipaka ya mashamba hudhaniwa kuwa anachimbua mambo ya mirathi, na mzee akishaingiwa na shaka hiyo atakupa majibu mafupi yasiyo na madhara kwa yeyote. Eleza kusudi lako mbele ya ndugu kadhaa, ikiwezekana katika kikao cha familia, useme ni nani watakaosikiliza kanda hizo na zitatunzwa wapi. Wengi wetu hurudi nyumbani mwishoni mwa Desemba, lakini siku ya sikukuu yenyewe haifai kwa kazi hii: watoto wanapiga kelele na mzee amechoshwa na wageni. Subiri siku mbili tatu baadaye, uende asubuhi, na usizidishe saa moja na nusu kwa kikao kimoja.

Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndegeni ili mtu asipige katikati ya maneno, hakikisha kuna nafasi, kisha ilaze juu ya kanga iliyokunjwa karibu na mzee, kwa sababu simu iliyowekwa juu ya meza tupu hunasa kila kishindo cha kikombe. Saa moja ya sauti katika faili la mp3 la kilobiti 128 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 58, kwa hiyo hakuna sababu ya kubana ubora. Chunguza mahali kabla ya kuanza: mvua ikinyesha juu ya bati hutasikia chochote, na upepo wa chini ya mwembe huharibu sauti kuliko unavyodhani. Sentensi za kwanza za kanda ziwe zako: taja tarehe, mahali, jina la mzee, jina lako na uhusiano wenu.

Maswali ndiyo yanayobeba kazi yote. Swali kubwa kama "Hebu tueleze historia ya ukoo wetu" humfanya mzee ajione yuko mbele ya mkutano, naye atatoa hotuba. Uliza kuhusu vitu na kazi za mikono: maji mlichota wapi, nani alikwenda kuyachota, kitanda kilikuwa cha nini, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi na waliswagwa kutoka wapi. Nilipomwuliza shangazi yangu mmoja kuhusu kuhamishiwa katika kijiji cha ujamaa, jibu lake lilikuwa, "Tulihamishwa tu, mwanangu, kama wengine." Nikamwuliza lile jiwe la kusagia lilibebwa na nani. Hapo akasimulia kwamba mama yake alikataa kuliacha, kwamba mgambo aliyesimamia lori alisema mawe yako kila mahali, na kwamba usiku wa pili wanawake watatu walirudi kwa miguu kulichukua. Swali dogo ndilo lililofungua mlango, na baada ya hapo kazi yangu ilikuwa kunyamaza. Mzee akitulia kwa muda mrefu usiharakishe kuujaza ukimya. Mara nyingi anatafuta jina la mtu.

Miaka ni tatizo la kila mahojiano, na haisaidii kumbana mzee kwa tarehe. Muulize tukio lake lilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana mwaka wake. Je, alikuwa ameshaolewa Azimio la Arusha lilipotangazwa, Februari 1967? Mtoto wa tatu alizaliwa kabla ya kula ule unga wa njano ulioitwa "yanga", au baadaye? Kaka yake alikuwa hai wakati wa vita dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza Oktoba 1978, na ambavyo Kampala ilitekwa Aprili 1979? Nyumba ya matofali ilijengwa kabla ya kifo cha Sokoine, Aprili 1984? Visiwani, Mapinduzi ya Januari 1964 hugawa kila kumbukumbu mara mbili, na kwa waliokulia njiani mwa reli ya TAZARA miaka ya ujenzi wake, 1970 hadi 1975, ni kipimo kizuri. Kwa vizazi vya nyuma zaidi tafuta majina ya njaa: Wagogo bado wanaitaja Mtunya ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na kujua kwamba babu "alizaliwa Mtunya" kunakupa miaka ya 1917 hadi 1920 bila cheti chochote. Ukipata alama mbili, moja kabla na moja baada, andika muda huo kama ulivyo, bila kujilazimisha kuchagua mwaka mmoja.

Vitu vya zamani navyo husaidia sana. Kadi ya TANU, cheti cha ubatizo, picha ya studio, hata kanga iliyohifadhiwa sandukuni, humtoa mzee maneno ambayo swali lisingeyatoa. Mwache ashike kitu chenyewe, nawe utamke kwa sauti kinachoonekana, maana kanda haina macho: "Bibi ananionyesha picha, aliyesimama kushoto ni nani?"

Kuwa makini na udugu. Mzee akisema "baba" anaweza kumaanisha baba mdogo, na "babu" anaweza kuwa kaka wa babu. Uliza kwa adabu kama ni yule aliyemzaa, na mchore ukoo pamoja kwenye karatasi. Wahoji watu peke yao kwanza, kisha kwa pamoja. Wazee wawili wakikaa pamoja husahihishana vizuri, lakini nimeona mara nyingi bibi akinyamaza babu anapokuwapo, ilhali jikoni, akichagua mchele, anasimulia mambo yaleyale kwa namna tofauti kabisa. Masimulizi yakigongana, hifadhi yote mawili na useme ni ya nani.

Mzee azungumze lugha anayoiota, iwe Kipare, Kihaya au Kimakonde, hata kama wewe unaielewa nusu. Tafsiri inaweza kufanywa baadaye na ndugu mwingine, lakini neno la asili likishapita kwenye Kiswahili cha kulazimisha halirudi. Yapo pia mambo mazito, kama watoto waliofariki, tuhuma za uchawi na ugomvi wa ardhi. Akisema "hilo zima simu", zima mara moja, na usilisimulie kwingine.

Siku hiyohiyo lipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano mwaka, mwezi, tarehe, msimulizi na mada, badala ya kuliacha na namba iliyowekwa na simu. Tunza nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine au kwenye hifadhi ya intaneti. Kutuma kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti hakuhesabiki kuwa kuhifadhi, kwani sauti hubanwa na simu hupotea. Kisha anza kuandika yaliyosemwa neno kwa neno. Saa moja ya mazungumzo huhitaji saa nne au zaidi, kwa hiyo gawana kanda na binamu zako. Maandishi yakikamilika, yachapishe kwa herufi kubwa, umpelekee mzee na kumsomea ukurasa kwa ukurasa, ukiwa na kalamu mkononi na kinasa sauti kikiwa kimewashwa tena, kwa sababu kila anaposahihisha huongeza na kisa ambacho hakukikumbuka mara ya kwanza.