Kubadilisha pikapu za gitaa la umeme: kuchagua, kulehemu na kupima

Kabla ya kununua pikapu mpya (kifaa cha sumaku na koili kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme wa sauti), hakikisha ya zamani ndiyo yenye kasoro. Sauti butu mara nyingi ni nyuzi zilizochoka. Sauti hafifu huweza kuwa pikapu iliyozama mno chini ya nyuzi. Mikwaruzo inayosikika ukizungusha kitufe ni uchafu ndani ya poti (kifaa kilicho chini ya kitufe cha sauti au toni), na sauti inayokatikakatika ukitikisa kebo ni tundu la jeki lililolegea. Hayo yote pikapu mpya haiyaponyi. Funga nyuzi mpya, pandisha pikapu kwa milimita moja, kisha piga kwa amplifaya ileile uliyoizoea. Kama tabia ya sauti yenyewe bado haikupendezi, hapo ndipo pesa ina kazi.

Umbo kwanza, ladha baadaye

Pikapu ya koili moja, hambaka (ya koili mbili) na P-90 (ya koili moja pana) haziingii katika shimo moja. Hata koili moja zenyewe hazilingani: kwenye magitaa ya Fender, ya shingoni ya Telecaster ni nyembamba kuliko ya Stratocaster, na ya darajani kwenye Telecaster hufungwa kwenye bamba la chuma la daraja, si kwenye plastiki. Asiyetaka kuchonga mbao ana njia mbili nzuri: hambaka zilizotengenezwa kwa umbo la koili moja, na P-90 zilizotengenezwa kwa umbo la hambaka. Pima urefu, upana na kina cha shimo. Kina husahaulika sana, na hambaka yenye miguu mirefu hugonga mbao kabla haijashuka inavyotakiwa.

Kisha pima nafasi ya nyuzi juu ya pikapu yenyewe, kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita. Hambaka za kawaida zina nguzo (vichwa vya chuma, kimoja chini ya kila uzi) zilizotandazwa kwa milimita 49 hadi 50. Zile pana, kwa madaraja ya mtindo wa Fender, hufika 51 hadi 53. Uzi ukipita milimita moja kando ya nguzo yake, sikio halitajua. Ukipita mbali zaidi, nyuzi za pembeni huweza kupungua nguvu. Pikapu zenye bamba moja refu badala ya nguzo sita hazina shida hiyo kabisa.

Nunua pia kulingana na mahali itakapokaa. Uzi hutikisika kwa upana zaidi karibu na shingo kuliko karibu na daraja, ndiyo maana pikapu ya darajani husokotwa mizunguko mingi zaidi ili zilingane kwa sauti. Ukiweka mbili zilizo sawasawa, ya shingoni itaimeza ya darajani.

Namba za kΩ zinasema nini

Karibu kila pikapu huuzwa na ukinzani wake ukitajwa kwa kiloomu. Koili moja ya mtindo wa zamani huwa kati ya 5.5 na 6.5, hambaka ya mtindo wa miaka ya 1950 kati ya 7 na 9, na hambaka kali huvuka 13. Wengi huichukua namba hiyo kama kipimo cha nguvu, na hapo hupotea. Ukinzani hupanda kwa mizunguko mingi, lakini hupanda pia kwa waya mwembamba zaidi, hata kama mizunguko haikuongezeka. Pikapu mbili zenye 8 kΩ zaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Ilinganishe namba hiyo na pikapu za aina ileile tu, zilizosokotwa kwa waya wa unene uleule.

Kwa ujumla, mizunguko ikiongezeka sauti hukua, sehemu ya kati hunenepa na ncha kali za juu hupungua. Sumaku nayo ina neno lake. Alniko namba 2 ni laini na tulivu, alniko namba 5 ina besi iliyobana na juu penye kung'aa, na seramiki hupatikana sana kwenye pikapu kali, ambako husaidia nyuzi nzito zisikike kila moja peke yake hata amplifaya ikikoroma. Ukipiga safi, bila mkwaruzo wa amplifaya, kaa kwenye mizunguko ya wastani. Pikapu kali huijaza amplifaya mapema, na sauti safi inakuwa ngumu kuipata hata ukishusha kitufe.

Koili moja huvuma karibu na taa na transfoma. Hambaka, iliyobuniwa na Seth Lover akiwa Gibson mwaka 1955, huua mvumo kwa koili mbili zilizounganishwa kinyume, zenye sumaku zilizogeuzwa. Seti nyingi za Stratocaster hutumia hila hiyohiyo: ya katikati imegeuzwa, hivyo swichi ikiwa nafasi ya pili au ya nne mvumo hunyamaza. Kama unabadilisha pikapu moja tu ndani ya seti ya namna hiyo, uliza upande wa sumaku kabla ya kulipa.

Usisahau poti. Koili moja huzoeana na poti za 250k, hambaka na za 500k. Hambaka kwenye poti za 250k husikika kama imefunikwa blanketi, na watu huilaumu pikapu bure. Koili moja kwenye 500k huchoma masikio. Kwenye gitaa lenye zote mbili, weka poti za 500k, kisha lehemu rezista ya 470k kati ya waya wa sauti wa koili moja na ethi (waya wa ardhi), upande wa pikapu kwenye swichi. Koili hiyo itaona takriban 242k na kutulia, na hambaka haitaguswa. Kapasita ya toni ni 0.022 µF kwa hambaka, na 0.022 hadi 0.047 kwa koili moja.

Pikapu za betri zina mfumo wake: betri ya volti 9, poti za 25k na tundu la jeki la stirio linalozima umeme ukichomoa kebo. Badilisha zote kwa pamoja. Kuzichanganya na za kawaida ni kujitafutia kazi.

Vifaa

Chuma cha kulehemia cha wati 40 hadi 60, au chenye kipimo cha joto, ukiweka kati ya 350 na 380 °C. Kile kidogo cha wati 15 kinachouzwa kwa kazi za redio hakifai: mgongo wa poti hunyonya joto lote, nawe unakishikilia hapo hadi poti inaungua ndani kabla risasi ya kulehemia haijayeyuka nje. Risasi iwe ya 60/40 (bati 60, risasi 40) yenye fluksi ya utomvu ndani, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Usiguse fluksi ya asidi ya mafundi bomba, inakula nyaya polepole. Ongeza multimita, pampu ya kunyonya risasi, koleo ya kukata, tepu ya umeme, bisibisi na kitambaa kizito cha kufunika bodi, kwa kuwa tone moja la risasi likidondoka kwenye vanishi halifutiki. Fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Kutoa ya zamani

Chomoa kebo, toa nyuzi, fungua skrubu za plastiki au za fremu ya pikapu. Piga picha za nyaya zote kutoka pande mbili kabla hujagusa kitu, kisha chora mchoro kwa kalamu. Picha peke yake haitoshi, kwa sababu nyaya mbili nyeusi zinafanana na zinajificha nyuma ya poti.

Kabla ya kulehemua, chukua kipimo cha kuanzia: chomeka kebo kwenye gitaa, zungusha sauti hadi mwisho, weka multimita kwenye ncha na kwenye mwili wa plagi ya upande wa pili. Hambaka ya 8 kΩ kwenye poti ya 500k itasoma karibu 7.9. Andika masomo ya kila nafasi ya swichi.

Yeyusha maungio, usikate nyaya. Pikapu ya zamani yenye nyaya ndefu inauzika, na siku moja huenda ukaitaka tena. Usibandue tepu inayozunguka koili: waya uliomo ni mwembamba wa takriban milimita 0.06, na ukikatika ndani, pikapu imekufa.

Rangi za nyaya na mwelekeo

Hambaka nyingi za kisasa hutoka na nyaya nne na mmoja usio na ganda. Rangi hazifanani kati ya watengenezaji, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Kwa Seymour Duncan, mweusi ndio wa sauti, mweupe na mwekundu huunganishwa pamoja na kufungwa tepu, kijani na ule mtupu huenda ethi. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe huunganishwa, kijani na mtupu huenda ethi. Ukifuata mchoro wa mmoja kwa pikapu ya mwingine, utapata koili moja tu, au sauti nyembamba na hafifu.

Ukichanganya pikapu za watengenezaji wawili, pima mwelekeo kabla ya kulehemu. Weka multimita kwenye kipimo cha 20k, unganisha waya mwekundu wa multimita na waya wa sauti, mweusi na ethi. Laza bisibisi ya chuma juu ya nguzo, kisha inyanyue ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Rudia kwa pikapu ya pili. Zikiruka upande mmoja, sawa. Zikipishana, geuza nyaya za mojawapo: waya wa sauti uende ethi, wa ethi uende sauti, ule mtupu ubaki ethi daima. Kwenye pikapu yenye waya mmoja uliofunikwa kwa wavu wa chuma njia hiyo haifai, maana wavu umeungwa na bamba la pikapu na chuma chote cha nje kingebeba sauti. Huko hugeuzwa sumaku, kazi ambayo ni bora umpe fundi. Pikapu ya shingoni ya Telecaster yenye kifuniko cha chuma ina mtego huohuo: kifuniko mara nyingi kimeungwa na waya wa ethi wa pikapu, na lazima kitenganishwe na kupewa ethi yake kabla ya kugeuza.

Kulehemu

Pitisha nyaya kwenye njia yake na ufunge pikapu kwenye fremu kwanza. Tumia skrubu zilizokuja nayo, kwa kuwa hatua za inchi na za milimita zinakaribiana vya kutosha kuharibu uzi wa skrubu kabla hujagundua. Acha nyaya ziwe na ulegevu wa sentimita kadhaa.

Paka risasi kidogo kwenye ncha ya waya na kidogo mahali unapounga. Gusanisha, weka chuma sekunde mbili au tatu, ondoa, na usitikise waya hadi risasi igande. Joto liende kwenye kiungio, si kwenye risasi. Kiungio kizuri kinatandaa; kilichojikunja kama tone hakijashika, kirudie. Mgongo wa poti ukigoma, ukwaruze kwa msasa kwanza. Ethi zote ziishie sehemu moja, na hakikisha waya unaotoka kwenye daraja umerudi mahali pake.

Pima kabla ya kufunga nyuzi

Rudia vipimo vya kebo na multimita. Ukisoma sifuri sauti ikiwa imefunguliwa, waya wa sauti unagusa ethi. Ukisoma thamani ya poti, yaani karibu 250 au 500k, pikapu haijafika kwenye poti au koili imekatika. Pikapu mbili za 8 kΩ kwa pamoja husoma karibu 4. Kisha washa amplifaya kwa sauti ndogo na gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi ukizungusha swichi. Ile inayotakiwa iwe na mlio mkubwa kuliko zilizozimwa.

Sauti ikiwepo plastiki ikiwa wazi na kupotea ukiifunga, kuna waya au mguu wa swichi unaogusa karatasi ya chuma ya kuzuia mvumo: ifunike kwa tepu. Ukishafunga nyuzi, mvumo ukipungua unapozishika, ethi ya daraja inafanya kazi. Ukiongezeka, anza na jeki. Huenda nyaya zake mbili zimegeuzwa. Sauti nyembamba ya puani pikapu mbili zikiwa pamoja, ilhali kila moja peke yake ni nzuri, ni mwelekeo uliopishana. Filimbi kali kwenye sauti kubwa, isiyokoma ukizuia nyuzi kwa kiganja, hutoka kwenye koili au kifuniko kinachotikisika.

Urefu

Hapa pikapu nzuri hupotezwa bure. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho na pima kutoka chini ya uzi hadi juu ya nguzo. Anza na milimita 2.4 upande wa besi na 2 upande wa nyuzi nyembamba kwa koili moja. Kwa hambaka, karibu 2.4 shingoni na 1.6 darajani. Kisha rekebisha kwa sikio, nusu mzunguko wa skrubu kwa wakati. Ipange ya darajani kwanza, halafu shusha ya shingoni hadi zilingane swichi ikibadilishwa. Noti za juu kwenye uzi mnene zikisikika kama sauti mbili zinazogombana, au uzi ukikataa kukaa kwenye tuni kuanzia freti ya 12, sumaku inauvuta: shusha upande wa besi wa pikapu ya shingoni, hata kama ni milimita nzima, kabla hujaanza kugusa skrubu za daraja zinazorekebisha urefu wa nyuzi.