Somo: Ukisimamishwa na polisi Uganda, kuanzia barabarani mpaka kaunta ya kituo

Ndugu wanachama, wengi wetu tukisimamishwa usiku pale Nsambya, Arua mjini au kwenye barabara ya Mbarara, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunatoa hela kabla hatujaulizwa chochote, ama tunapandisha sauti kama tuko sokoni. Yote mawili yanatuumiza. Somo hili namwandikia mwenye boda, muuza mitumba, mwanafunzi anayerudi hosteli, na mkimbizi aliyetoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale kuja Kampala kutafuta riziki. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, kifungu cha 23, inalinda uhuru wa kila mtu aliye ndani ya nchi, raia na mgeni.

Kabla ya hatua zenyewe, naomba mshike jambo moja. Haki yako huishindi kwa kubishana na askari barabarani. Unaishinda kwa kumbukumbu: nani alikukamata, wapi, saa ngapi, kwa kosa gani, na nani aliona. Hakimu hakuwepo siku ile. Ataamua kwa kilichoandikwa na kwa waliokuwepo.

Hatua ya 1: Simama, salimia, tazama

Usikimbie. Ukiwa na pikipiki, izime. Mikono ionekane, kisha sema, "Habari ya kazi, afande." Wakati mnasalimiana, soma jina na namba iliyo kwenye sare yake, utazame na saa. Kama amevaa kiraia, omba kwa upole akuonyeshe kitambulisho cha kazi. Wakija watu wasio na sare, na gari lisilo na namba, wanataka upande, hapo usinyamaze: taja jina lako kwa sauti, taja mtaa wako, waombe waliopo wawapigie ndugu zako.

Hatua ya 2: Uliza kosa lako

"Afande, nimekosa nini?" Asipojibu, uliza tena kwa sauti ileile: "Nimekamatwa, au naweza kuendelea na safari?" Katiba inamtaka anayekukamata akuambie papo hapo, kwa lugha unayoielewa, sababu ya kukukamata, na kwamba una haki ya wakili unayemtaka wewe. Kama Kiganda au Kiingereza kinakupiga chenga, sema wazi kwamba unaomba aseme Kiswahili. Polisi wengi Uganda wanakijua kutokana na kazi yao, na tangu mabadiliko ya katiba ya 2005 Kiswahili kimetajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya nchi.

Ukiambiwa kosa ni kuzurura, kumbuka kwamba Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vya kifungu cha 168 cha Sheria ya Adhabu vilivyoruhusu mtu kukamatwa kwa kuwa tu anashukiwa na hana riziki inayoonekana, au kwa kukutwa barabarani wakati unaotiliwa shaka. Vijana wetu wengi walikuwa wanazolewa kwa vipengele hivyo. Huna haja ya kumsomea askari hukumu nzima. Muulize tu, "Kosa hilo liko kifungu gani, afande?" na ukumbuke jibu lake.

Hatua ya 3: Upekuzi

Mwanamke anapekuliwa na mwanamke, tena kwa heshima. Hilo liko kwenye sheria, kwa hiyo dada yangu, usione haya kusema, "Naomba afande wa kike." Vilivyomo mifukoni vitoe mwenyewe, kitu kimoja kimoja, mbele ya mtu mwingine anayeona. Ukifanya hivyo ni vigumu baadaye kuambiwa umekutwa na kitu usichokijua.

Nyumbani kwako ni habari nyingine. Kifungu cha 27 cha Katiba kinalinda nyumba, mali na mawasiliano ya mtu, na kwa kawaida polisi huja na hati ya upekuzi kutoka kwa hakimu. Zipo hali ambazo sheria inamruhusu askari kupekua bila hati, lakini lazima aandike sababu zake. Usijilaze mlangoni kumzuia. Mwambie, "Naomba hati. Kama huna, naomba iandikwe kwamba niliomba." Mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, au jirani ashuhudie. Simu nayo ina siri zako zote, na mimi sioni sababu ya mtu kumtajia askari namba ya siri pale barabarani. Mwambie kwa upole kwamba jambo hilo utalizungumza mbele ya wakili wako.

Hatua ya 4: Ukiambiwa twende

Usishindane mkono. Kupinga kukamatwa ni kosa linalojitegemea, na litabaki hata lile la kwanza likifutwa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inakataza mtu kubanwa kuliko inavyohitajika kumzuia asitoroke. Uliza unapelekwa kituo gani, kisha mwambie yeyote aliye karibu jina la kituo hicho. Mtu aliyekamatwa anawekwa mahali palipoidhinishwa na sheria tu. Nyumba isiyojulikana, hata ikiwa na walinzi wenye bunduki, siyo kituo.

Hatua ya 5: Kaunta

Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea, kwa sababu wamechoka na wanataka yaishe.

Ukifika, omba kukamatwa kwako kuandikwe kwenye kitabu cha kituo, kinachoitwa Station Diary, na upewe namba yake, namba ya SD. Namba yenyewe huonekana hivi: SD 23/14/03/2025, yaani ingizo la 23 la siku hiyo, kisha tarehe. Ndugu yako akija na namba hiyo ni vigumu kumzungusha kwamba hujulikani. Simu, mkanda, pochi, saa, vyote viandikwe. Hela zihesabu kwa sauti, noti kwa noti, utazame kiasi kinachoandikwa, ndipo uweke sahihi. Usiweke sahihi kwenye karatasi tupu, hata ukiambiwa ni utaratibu tu.

Omba ndugu yako ajulishwe. Ukiomba, wanatakiwa kufanya hivyo mapema iwezekanavyo. Ndugu, wakili na daktari wako wana haki ya kukufikia, na ukiugua una haki ya matibabu.

Sasa kuhusu saa 48. Unatakiwa ufikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 48 tangu ulipokamatwa. Zinahesabiwa tangu pale barabarani, siyo tangu ulipoandikwa kaunta, na Katiba haikuzitoa Jumamosi na Jumapili. Aliyekamatwa Ijumaa saa mbili usiku, saa zake zinaisha Jumapili saa mbili usiku. Ndiyo maana nilisema utazame saa.

Hatua ya 6: Maelezo

Jina na anwani toa bila shida. Kuhusu kosa lenyewe, una haki ya kusema, "Nitaongea wakili wangu akiwepo," kisha ukanyamaza kweli. Watu wanajifunga kwa maneno yanayoonekana ya kirafiki, saa nane za usiku, juu ya kikombe cha chai. Ukikubali kuandikisha, omba usomewe yote kwa lugha yako, na kosa lolote lisahihishwe kabla ya sahihi. Ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halitumiki dhidi yake isipokuwa limetolewa mbele ya hakimu au afisa wa cheo cha Mkaguzi Msaidizi na kuendelea. Lililotolewa kwa kipigo halina nguvu.

Hatua ya 7: Bondi

Bondi ya polisi, yaani dhamana ya kuachiwa kutoka kituoni, ni bure. Nairudia kwa sababu kuna akina mama wanauza mbuzi kuilipia: bondi ya polisi ni bure. Wadhamini waje na vitambulisho, na barua ya LC1 husaidia. Ukiombwa hela, omba risiti. Bondi haimalizi kesi, kwa hiyo rudi siku uliyopangiwa, hata kama afande amekuambia kwa mdomo usijali.

Hatua ya 8: Ukiteswa

Kinga dhidi ya mateso haiondolewi kwa sababu yoyote, hata wakati wa hali ya hatari. Sheria ya kuzuia mateso ya 2012 haimpi askari nafasi ya kujitetea kwamba alitumwa na mkubwa wake, na sheria ya 2019 ya kutekeleza haki za binadamu inamfanya afisa awajibike yeye binafsi. Nenda hospitali mapema, piga picha za majeraha, tunza karatasi zote. Fomu ya polisi ya uchunguzi wa daktari ni PF3. Malalamiko peleka kitengo cha polisi cha nidhamu kinachoitwa PSU, au Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, ambayo ina ofisi Kampala na pia Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal na kwingineko.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (mwenye boda, Arua): Mwalimu, trafiki anang'oa ufunguo na kusema elfu kumi tumalizane. Nifanyeje?

Jibu: Kaka, mwombe akuandikie tiketi. Faini ya barabarani hulipwa benki kwa namba ya malipo, siyo mkononi. Najua elfu kumi ni nafuu kuliko tiketi na siku nzima bila kazi, na simlaumu aliyebanwa. Lakini kutoa rushwa ni kosa kama kupokea, na kesho atakusimamisha tena kwa sababu anajua unatoa. Kofia na leseni ukiwa navyo, nguvu yake inapungua sana.

Swali (mama, Nsambya): Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo. Nilikutwa bila kitambulisho nikaambiwa nitarudishwa mpakani.

Jibu: Pole, mama. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa uhuru wa kutembea nchini na inakataza kukurudisha mahali ambapo maisha yako yako hatarini. Sema mara moja kwamba wewe ni mkimbizi uliyeandikishwa, uombe ofisi ya wakimbizi iliyo chini ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM, ithibitishe. Acha nakala ya kitambulisho kwa jirani unayemwamini, na picha yake kwenye simu ya mwanao. Kikikaribia kuisha muda, anza kukifuatilia mapema.

Swali (mzazi, Jinja): Mwanangu ana miaka 15, alichukuliwa kwenye msako akalala na watu wazima.

Jibu: Hilo haliruhusiwi. Mtoto hawekwi pamoja na watu wazima, na mzazi lazima ajulishwe. Asipopewa bondi, polisi hawamshikilii zaidi ya saa 24 kabla ya kumfikisha mahakamani. Nenda na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki kuonyesha umri, umtafute na afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Kisha lalamika kwa maandishi ili iwepo kumbukumbu ya usiku ule.

Swali (mwanafunzi, Kampala): Saa 48 zimepita, wanasema faili liko kwa mwendesha mashtaka.

Jibu: Faili kuchelewa hakuongezi saa. Ndugu zako waandike barua kwa mkuu wa kituo wakitaja namba ya SD na saa uliyokamatwa, wabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kisha wakili aombe Mahakama Kuu iamuru uletwe mbele yake, haki ambayo Katiba inasema haiondolewi kabisa. Kama hamna hela ya wakili, Justice Centres Uganda na Chama cha Wanasheria wa Uganda hutoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, na FIDA Uganda huwasaidia hasa wanawake na watoto.

Swali (muuza mitumba, Kampala): Niwarekodi kwa simu?

Jibu: Dada, ukiwa ndiye uliyesimamishwa, simu mkononi mara nyingi huwasha moto. Afadhali arekodi mwenzako akiwa mbali kidogo, bila kuingilia kazi yao. Na kwa kuwa simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa kaunta, kariri namba mbili za watu watakaokuja usiku. Ziandike leo kwenye karatasi, uzisome mpaka uzitaje bila kutazama.