Jinsi ya kuomba kibali cha utafiti wa mafuriko Mto Mara, pande zote mbili za mpaka

Habari wadau. Kuna wanafunzi wengi wa masta na watafiti vijana wanaotaka kusoma mafuriko na ukame wa Mto Mara, ila wanaishia kufanya upande mmoja tu kwa sababu vibali vya nchi mbili, Kenya na Tanzania, vinawatisha. Inaniuma, maana mto wenyewe unaanzia msitu wa Mau huko Kenya, Nyangores na Amala zikikutana ndo unaitwa Mara, unapita Maasai Mara, unakatiza Serengeti, halafu unamwaga Ziwa Victoria karibu na Musoma. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mto Talek ulifurika mpaka watalii wakaokolewa kwa helikopta, na Talek unaingia hukohuko Mara, maji yanateremka kuelekea kwa wakulima na wavuvi wa Tarime, Rorya, Serengeti na Butiama. Ukipima juu peke yake au chini peke yake huwezi kumwambia mtu wa Kirumi, kule chini karibu na ziwa, maji yatamfikia baada ya muda gani, na hilo ndo swali lake.

Naandika kwanza kwa Mtanzania anayesoma chuo cha Tanzania, Mkenya nitamfikia huko chini.

Hatua ya kwanza, kabla hujagusa fomu yoyote, tafuta mwenzio wa upande wa pili. NACOSTI, ile tume ya Kenya inayotoa leseni za utafiti, inamtaka mgeni awe ameshikwa mkono na taasisi ya Kenya, na barua ya taasisi hiyo lazima uiambatishe. Usiombe barua tu kama mtu anayeomba mhuri. Mwandikie mhadhiri unayeona kazi yake inaendana na yako, mweleze unataka kupima nini, data mtagawana vipi na jina lake litakaa wapi kwenye chapisho. Yeye ndo anajua njia za Bomet na Narok, wewe unajua za Musoma, na huo ndo ushirikiano wenyewe, siyo nembo mbili kwenye jalada.

Ya pili ni andiko la utafiti (proposal). Andika moja linalobeba nchi zote mbili, taja kaunti na wilaya kwa majina, taja vituo vya kupimia maji unavyotaka kutumia (Nyangores pale Bomet, Amala, na Mara Mines upande wa Tanzania), weka ramani. Tarehe zipange kwa mvua. Masika ni Machi mpaka Mei, kwahiyo kama unataka kuwa mtoni Machi, mambo ya vibali yaanze mwaka uliotangulia, usidanganywe na mtu anayekwambia wiki mbili zinatosha.

Upande wa Tanzania mwanafunzi wa ndani kwa kawaida anaanzia chuoni. Chuo kinakuandikia barua ya utambulisho kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anakushusha wilayani, wilaya au halmashauri inakushusha kwa mtendaji wa kata, kata inakupeleka kijijini. Hapa soma barua yako mstari kwa mstari kabla hujatoka ofisini. Ile sehemu ya YAH: iwe na kichwa cha utafiti kilekile cha kwenye andiko, chini zitajwe wilaya zote na tarehe ya kuanza na kumaliza. Barua ikisema "Mkoa wa Mara" basi, au ikataja Tarime peke yake, ukifika Rorya una haki gani ya kulalamika ukirudishwa? Chukua nakala za kutosha, kila ofisi inabaki na yake.

Sasa Kenya. Maombi ya NACOSTI yanafanyika kwenye mfumo wao wa mtandaoni, unafungua akaunti, unajaza taarifa zako, unapandisha andiko, picha, pasipoti, barua ya chuo chako, barua ya taasisi ya Kenya na kibali cha maadili. Wengi wanakwama kwenye hicho cha mwisho: kamati ya maadili lazima iwe imeidhinishwa na NACOSTI yenyewe, kwahiyo kile cha chuo chako Tanzania usikitegemee peke yake, na ndo maana nimesema mwenzio wa Kenya aje kwanza. Ada inategemea uraia na ngazi ya masomo, itazame kwenye mfumo siku unayoomba. Leseni ikitoka ni ya mwaka mmoja, na ukiwa nayo bado unatakiwa kuripoti kaunti kabla ya kuanza kazi, kwa Kamishna wa Kaunti, Mkurugenzi wa Elimu na ofisi ya Gavana. Leseni hiyo haikupi ruhusa ya kuvusha sampuli za maji au udongo mpakani, hiyo inaombwa peke yake. Ukitaka kuingia hifadhini ni vivyo hivyo, Serengeti utaongea na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa).

Mkenya unayekuja Tanzania, mlango wako ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986. Unahitaji mshirika Mtanzania, andiko, wasifu wako na barua za kukupendekeza, na kibali kikitoka kuna ukaazi daraja C la Uhamiaji, ambalo ndo la watafiti. Baada ya hapo unashuka mkoa, wilaya, kata kama wenyeji.

Data za mvua na mtiririko omba sambamba na vibali, usisubiri. TMA (mamlaka ya hali ya hewa Tanzania) na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa mvua, Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria pale Mwanza na WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) ya Kenya kwa mito. Rekodi za mito zina mapengo, kwahiyo ukifika kituoni muulize anayesoma kile kibao cha kupimia kina, yeye anakumbuka maji yalifika wapi mwaka upi, hata kama daftari halisemi.

Kwa mtendaji wa kijiji usipite mbio. Kaa, saini daftari la wageni, muulize taarifa ya mafuriko huwa inamfikia kwa njia gani na nani anaipeleka mashambani, maana matokeo yako yatapita hapohapo.

Ukimaliza, ripoti ya mwisho NACOSTI wanaitaka ndani ya mwaka mmoja tangu kazi ikamilike. Peleka nakala pia Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria pale Kisumu, na omba nafasi ya kuwasilisha Siku ya Mara, Septemba 15, ambapo watu wa nchi zote mbili wanakutana. Nakala ya kijijini iandike Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, iwe na kina cha maji kwenye kibao cha kituo cha juu ya mto na saa ambazo wa chini wanabaki nazo kuhamisha watoto na mifugo.