Jinsi ya Kuchambua Picha ya Mtu Iliyochanganywa na Maumbile kwa Mwanga Maradufu

Wengi wakikutana na picha ya uso wa mtu ambao ndani yake umejaa msitu, hukimbilia sentensi moja: picha hii inaonyesha kwamba binadamu na maumbile ni kitu kimoja. Sentensi hiyo huenda isiwe ya uongo, lakini inafaa kwa kila picha ya aina hiyo, na kwa hiyo haisemi lolote juu ya picha iliyo mbele ya macho yako. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Kabla ya kuuliza picha ina maana gani, uliza mwanga ulipita wapi na ulizuiwa wapi, kwa sababu katika sanaa hii giza ndilo linalofungua mlango na weupe ndio unaoufunga, na anayelijua hilo anaweza kutenganisha yale yaliyotokea yenyewe na yale ambayo msanii aliyataka.

Mwanga unavyojumlishwa

Katika kamera ya filamu, yaani ile inayonasa mwanga kwenye ukanda, picha ya mwanga maradufu hupatikana pale kipande kimoja cha ukanda huo kinapopigwa picha mara mbili bila kusogezwa mbele. Mwanga wa mara ya pili hauufuti ule wa kwanza, bali hujumlishwa juu yake, na ndiyo maana mpiga picha kwa kawaida hupunguza kila pigo hadi nusu ya mwanga unaohitajika ili jumla isizidi kiasi. Kwa kanuni hiyo, sehemu ya filamu iliyobaki na giza katika pigo la kwanza ina nafasi ya kupokea pigo la pili, ilhali sehemu iliyokwisha kushiba mwanga haina nafasi tena. Hata ukiiongezea msitu mzima, itabaki nyeupe vilevile. Mhusika akisimamishwa mbele ya ukuta mweupe uliomulikwa sana, huku mwenyewe akiachwa kuwa umbo jeusi, miti itakayopigwa baadaye itajaa ndani ya umbo lake na kukomea kwenye ukingo wa mwili kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Akisimamishwa mbele ya pazia jeusi na kumulikwa usoni, mambo hugeuka: miti hulijaza pazia na kumzunguka, na uso hubaki karibu bila kuguswa.

Programu za kuhariri picha zimeiiga kanuni hii. Zinayo namna ya kuchanganya matabaka, yaani picha zilizolazwa moja juu ya nyingine, inayojumlisha mwanga, na zinayo nyingine inayofanya kinyume chake, yaani kutia giza, sawa na mtu anayeweka slaidi moja, yaani picha ya filamu inayopitisha mwanga, juu ya nyingine na kuzitazama dhidi ya dirisha. Katika namna hii ya pili, sehemu nyeupe ndiyo inayopokea na nyeusi ndiyo inayofunga. Si lazima ujue ni programu gani iliyotumika. Inatosha kutambua ni kanuni gani inayotawala kila eneo la picha, kwani pale kanuni inapovunjwa ndipo mkono wa mtu ulipoingilia.

Kutazama kabla ya kutafsiri

Anza kwa kuandika, kwa maneno ya kawaida kabisa, picha mbili unazoziona kana kwamba hazijawahi kukutana. Ya kwanza: ni nani, anatazama wapi, mwanga unampiga kutoka upande gani, mwili wake umekatwa wapi. Ya pili: ni mandhari gani, ya msimu gani, imepigwa kwa mbali au kwa karibu, mwanga wake unatoka wapi. Kazi hii inachosha kidogo, na wanafunzi wengi huiruka, lakini ndiyo itakayokuonyesha baadaye kwamba jua la mandhari linatoka kushoto ilhali taa ya studio ilitoka kulia, jambo ambalo jicho lililokwisha kuvutiwa haliwezi kuliona tena.

Tuchukue mfano wa kubuni na tukae nao. Mzee mmoja ameonyeshwa kwa upande, akitazama kulia, mbele ya ukuta mweupe. Amevaa shati lenye kola nyeupe. Ndani ya kichwa chake kuna mti mkubwa usio na majani, uliosimama ukingoni mwa ziwa tulivu. Mstari wa maji unapita chini kidogo ya mdomo, na kivuli cha mti ndani ya maji kinashuka kichwa chini hadi kooni. Nyuma ya kisogo, juu ya weupe wa ukuta, wanaruka ndege watano weusi. Jicho la mzee ni safi, halikupitiwa na kijiti hata kimoja.

Sasa ipitie picha hii kwa kanuni ya kujumlisha mwanga. Kola ni tupu, haina tawi wala wimbi, kwa sababu ilikuwa nyeupe tangu mwanzo. Hapo mwanga umefanya kazi yake na hakuna siri yoyote. Nalisema hili kwa uchungu kidogo, maana niliwahi kuandika aya nzima juu ya kola kama hiyo, nikaiita ishara ya ustaarabu unaoyakataa maumbile. Shati lilikuwa jeupe, basi.

Jicho ni kesi tofauti. Tundu la jicho, lililo chini ya nyusi, ni mojawapo ya sehemu zenye giza zaidi usoni, na kwa kanuni ile ile lingepaswa kujaa vijiti kuliko hata shavu. Kama ni safi, basi mtu ameyafuta matawi hapo kwa makusudi, au ameiweka picha ya pili kwa uangalifu mkubwa ili pengo la matawi liangukie hasa pale. Kwa vyovyote, ni uamuzi. Msanii ameukubali mti uingie kichwani mwa mzee, lakini hakuukubali uguse macho yake, na tofauti hiyo kati ya kichwa kilichoachwa wazi na macho yaliyolindwa ni jambo ambalo uchambuzi unaweza kusimama juu yake.

Ndege nao wanavunja kanuni kwa namna yao. Kitu cheusi hakiwezi kuonekana juu ya weupe ulioshiba mwanga ikiwa kazi yote ni kujumlisha, kwa hiyo hawa wamewekwa kwa njia nyingine, iwe ni kwa tabaka la kutia giza au kwa kubandikwa. Hawakutoroka kutoka kwenye mandhari, wameletwa. Hapo swali la maana linakuwa halali: kwa nini msanii alitaka kitu kitoke ndani ya mtu huyu, na kwa nini kitokee kisogoni, upande ambao mzee hautazami? Mtu anayepoteza kitu bila kukiona kikiondoka si sawa na mtu anayekiaga.

Mishono

Baada ya giza na weupe, tazama mishono, yaani mahali ambapo picha mbili zinagusana. Katika kazi nyingi za aina hii ukingo wa uso, kuanzia paji hadi kidevu, huachwa mkali, ilhali nywele, mabega na kifua huachiwa kuyeyuka katika miti au ukungu. Sababu ni ya kawaida: sisi hutambua sura kwa mstari wa pua, midomo na kidevu, na mstari huo ukipotea mhusika hupotea nao. Kwa hiyo mshono unaostahili kuandikwa ni ule unaokwenda kinyume na desturi hii. Kidevu kilichoyeyuka huku mabega yakibaki makali kinadai maelezo kuliko nywele zilizogeuka matawi, ambazo tumekwisha kuziona mara nyingi mno.

Uliza pia ni mistari gani ya picha mbili iliyolinganishwa. Mwaka 1932 Wanda Wulz, mpiga picha wa Italia, aliunganisha sura yake na uso wa paka, na nguvu ya kazi ile inatokana kwa kiasi kikubwa na namna sehemu za nyuso zile mbili zinavyokaribia kukutana, hadi mtazamaji hajui amtazame nani. Katika picha za mandhari ulinganisho huwa wa siri zaidi: shina likifuata mstari wa shingo, mto ukifuata mshipa, kilele cha mlima kikikaa juu ya utosi. Katika mfano wetu, shina la mti halikuwekwa shingoni, mahali ambapo mtu yeyote angeliweka. Linaanzia chini kidogo ya mdomo, kwenye mstari wa maji, na kooni kuna kivuli tu. Kinachokaa mahali pa sauti ni taswira iliyopinduliwa. Naweza kuitetea kauli hiyo kwa kidole juu ya picha, na hicho ndicho kipimo.

Ukubwa hauhitaji maneno mengi: jani moja lililokuzwa hadi kufunika shavu humfanya mtu awe mdogo, na safu nzima ya milima iliyotiwa ndani ya fuvu humfanya awe mkubwa. Kuhusu rangi, angalia kama picha zote mbili zinashiriki rangi moja au kama mhusika ameachwa bila rangi huku mandhari yakiwa na kijani chote.

Ngozi, uwazi na makosa mawili ya kawaida

Kosa la kwanza linahusu ngozi. Kwa kuwa giza ndilo linalopokea, ngozi nyeusi iliyopigwa kwa mwanga wa kawaida huipokea picha ya pili kwa urahisi kuliko ngozi nyeupe, ambayo mpiga picha hulazimika kuitia kivuli kwanza. Mchambuzi asiyelijua hili huona majani yaliyokolea kwenye shavu jeusi na kuandika kwamba mhusika yuko karibu zaidi na maumbile. Hiyo ni fizikia iliyovishwa joho la hekima, na si hekima nzuri. Kabla ya kuandika kitu cha namna hiyo, tazama kama mpiga picha mwenyewe amefanya lolote kwa ngozi ile, kwa mfano kuimulika ili uso ubaki mbele na majani yarudi nyuma.

Kosa la pili ni kudhani kwamba mtu aliye na uwazi, yaani anayepenya macho kama kioo, ni marehemu au hayupo. Tabia hii ina historia. Katika miaka ya 1860, mjini Boston, Marekani, William Mumler aliwauzia watu picha zilizowaonyesha wakiwa na vivuli vya jamaa zao waliofariki. Alifikishwa mahakamani New York mwaka 1869 kwa tuhuma za udanganyifu, na akaachiwa kwa kuwa ushahidi haukutosha. Tangu enzi hizo mtazamaji amezoea kusoma uwazi kama mauti. Katika picha ya maumbile, hata hivyo, uwazi unaweza kuwa umetokana tu na kupunguzwa kwa mwanga wa pigo la kwanza, na ikiwa unataka kusema mhusika anatoweka, tafuta ushahidi wa pili mahali pengine katika picha.

Je, bado ni picha ya mtu?

Swali hili huachwa nje mara nyingi, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Picha ya mtu kwa desturi huahidi kutuonyesha mtu fulani. Umbo jeusi lililojaa msitu huweza kumfuta mtu huyo na kumwacha binadamu yeyote tu, chombo cha kubebea miti. Jaribu hivi: fikiria umekutana na mhusika barabarani, je, ungemtambua? Kama sivyo, uliza ni nini kilichobaki cha kwake peke yake, pengine kovu, pengine mkunjo wa sikio, na kama mandhari yenyewe yana uhusiano wowote naye. Ziwa ambalo mzee alivua samaki maisha yake yote linamweleza. Ziwa lililochukuliwa kutoka kwenye hazina ya picha za kununua linampamba tu. Maelezo ya chini ya picha yanaweza kukusaidia hapa, lakini yasome mwisho, baada ya kwisha kuandika ulichokiona.

Usijali sana kama kazi ilifanywa ndani ya kamera au nje yake. Jerry Uelsmann wa Marekani, aliyefariki mwaka 2022, aliunganisha miili, miti na maji katika chumba cha giza cha kusafishia picha, kwa kuihamisha karatasi moja kutoka mashine moja ya kukuzia picha hadi nyingine, na mishono yake ni migumu kuonekana kuliko ya wengi wanaotumia kompyuta. Njia inakuambia mahali pa kutazama. Haikuambii thamani.

Kuandika

Unapoandika, ipitishe kila sentensi ya tafsiri kwenye jaribio hili: badilisha msitu uwe bahari, au mzee awe msichana. Sentensi ikisimama bila kutikisika, ifute, kwa maana haikuwa inazungumzia picha hii. Zile zinazoanguka ndizo za kubaki nazo, na kila moja ifuatiwe na mahali pake katika picha: chini ya mdomo, kwenye tundu la jicho, nyuma ya kisogo.

Acha pia nafasi kwa kisichoelezeka. Katika mfano wetu, ndege wa tano hakutoka kabisa. Bawa lake moja limezama katika nywele za mzee na limefifia kuliko jingine. Huenda msanii alikosea kulifuta tabaka, huenda alitaka iwe hivyo. Ningemwandika jinsi alivyo, bawa moja ndani na moja nje, bila kumpa maana yoyote.